Jicho la Mzee Mstari

Mzee Mstari hajawahi kumkonyeza mtu. Naanza na hilo kwa sababu habari yake imezungushwa mno na midomo isiyo na kazi, na mimi niliyekunja mashuka kwenye meza moja naye tangu nikiwa binti ndiye ninayestahili kuisema.

Tulifanya kazi katika chumba cha dobi cha hospitali, nyuma kabisa, kati ya jiko na chumba cha jenereta. Kulikuwa na mashine mbili za kufulia, moja nzima na nyingine ya kuombewa dua. Mabomba ya mvuke yalipita juu ya vichwa vyetu, na chini yake kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa blanketi, ambako yeye alisimama na pasi yake kutwa. Jina la Mstari alilipata kwa suruali. Suruali ikitoka mikononi mwake, ule mstari wa mbele ulisimama hata ukiining'iniza msumarini, na madaktari walitaniana kwamba mtu akijikuna goti atakatwa kidole. Utani huo aliupenda. Alijifanya hausikii, kisha unamwona anarudia pasi palepale mara ya pili.

Na yeye mwenyewe alikuwa amenyooka vivyo hivyo, mpaka anachosha. Sketi za wauguzi wanafunzi alizipiga pasi akiwa ametazama ukutani, utadhani wenyewe wamo ndani. Msichana akija kuchukua sare, alimwita "mwanangu" kabla hajafungua mdomo, ili mambo yaeleweke mapema. Nilikuwa nikimchokoza, "Mzee, sketi haina macho." Ananijibu, "Mimi ninayo." Hapo anahama na kwenda kupanga foronya.

Ugonjwa ulianza na pasi hiyohiyo. Ilimponyoka ikamuunguza mguu chini ya goti, akapaka anachokijua yeye, akaendelea na kazi. Mwanamume wa umri ule ukimwambia akaonekane na daktari, na wodi ziko palepale ng'ambo ya ua, anakutazama kwa hasira kuliko kama ungemtukana. Jeraha likachacha. Asubuhi moja akaanza kutetemeka akiwa amesimama mezani, midomo imemkauka, anaongea na shati. Mimi na msukuma toroli tulimlaza juu ya toroli la mashuka machafu tukamkimbiza chumba cha dharura. Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Mishipa ya mikono yake yote ilikuwa imezama. Muuguzi alichoma huku, akachoma kule, hakuna kitu, na presha inazidi kushuka. Daktari mkubwa alikuwa chumba cha upasuaji na hangeweza kutoka. Akaja daktari aliyekuwa mafunzoni, binti mwembamba mwenye miwani, ambaye makoti yake Mzee Mstari alikuwa akiyapiga pasi kila wiki. Ikabidi aingize mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo ili dawa zipite huko. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na viatu vya mzee mkononi, na hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Nilimwona yule binti akichoma upande wa kulia wa shingo, akachomoa, akafuta damu, akachoma tena. Hakuacha. "Baba, usitikisike," alikuwa akisema. "Nakuomba, baba, usitikisike." Alichoma mara nyingi kuliko nilivyoweza kutazama. Mwishowe mrija ukaingia, dawa ikapita, na mzee hakufa. Hilo nalo naliweka wazi, maana baadaye nitamsema vibaya: yule binti alimwokoa.

Kesho yake nilipokwenda kumwona, jicho lake la kulia lilikuwa limefumba nusu. Kope ya juu ilikuwa imeshuka na haipandi. Yule daktari alikuja nikiwa hapo. Akamulika macho yote mawili kwa kurunzi yake ndogo, la kushoto, la kulia, halafu la kulia tena, akabaki na kurunzi ikiwaka mkononi. "Unaendeleaje, baba?" akauliza. Mzee akasema mguu unapungua maumivu. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaondoka haraka. Muuguzi tulipomuuliza habari ya jicho alisema ni uchovu wa ugonjwa, litarudi. Tukaridhika, maana tulikuwa tumetoka kuogopa kumzika.

Mguu ulipona, akarudi mezani, lakini jicho halikurudi. Na kulikuwa na jambo jingine la ajabu. Katika joto lile la mvuke, upande wa kushoto wa uso wake ulitiririka jasho na upande wa kulia ukabaki mkavu kabisa. Msukuma toroli, mtu ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Mzee, nusu ya uso iko kazini, nusu iko likizo." Tulicheka wote, na yeye mwenyewe alicheka mpaka akaiweka pasi chini. Utani wa jasho aliuweza. Utani wa kope ndio uliomshinda.

Maana jicho moja likiwa wazi na lingine limelegea nusu, mtu mwenye akili ya kwenda mbio ataona anakonyezwa. Wasichana wanafunzi walianza kucheka wakija kuchukua sare. Kisha wakaacha kucheka, wakawa wanakuja wawili wawili. Msukuma toroli akambandika jina jipya, Mzee Konyezo, na jina likatoka kwenye dobi likaingia jikoni, likaenda wodini, likavuka geti la hospitali kwa miguu yake lenyewe. Siku moja akiwa anapiga pasi foronya, mzee aliniambia bila kuniangalia kwamba mkewe amemuuliza, "Nasikia umeanza ujana upya?"

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia ni ugonjwa. Akasema sawa." Akaigeuza foronya. "Lakini siku hizi tukila, anakaa upande wangu wa kushoto. Upande wa kulia hakai."

Mtu huyu alikuwa anaona aibu ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima. Alijaribu kila njia. Alivaa miwani ya jua, mvuke ukaifunika, akaunguza mkono wa gauni la matroni, mkuu wa wauguzi wote. Alibandika plasta juu ya jicho, watu wakamuuliza kapigwa na mume wa nani. Alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mwishowe akaacha kabisa kutazama watu usoni, akawa anaongea huku ameinamisha macho, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Wakasema, mnaona, sasa amehamia vifuani.

Mtaniuliza, hospitali nzima ya madaktari, hakuna aliyemwona? Wangemwona vipi? Alikuwa anapita kwenye korido amegeukia ukuta. Miadi ya kliniki hakwenda, eti mguu umeshapona, kliniki ya nini. Nilipomwambia akaonyeshe jicho alinikaripia: "Nikamwambie nini daktari? Kwamba nina jicho la ukware?"

Na huyo daktari pekee aliyemjua vizuri alikuwa anamkimbia. Zamani alikuja mwenyewe kuchukua koti lake, anamwamkia mzee, anasubiri liishe huku wakiongea habari za mvua. Sasa alimtuma mfagiaji. Nilimshuhudia siku moja anatokea upande wa maabara, mzee anatokea upande wetu na rundo la mataulo. Binti alipomwona aligeuka ghafla akaingia kwenye mlango wa kwanza alioukuta, nao ulikuwa mlango wa stoo ya mifagio. Mzee alisimama akiukodolea macho ule mlango, mataulo mikononi.

"Umeona?" akaniambia. "Hata huyu. Huyu aliyenishika shingo nikiwa sijitambui. Nitakuwa nilimkonyeza, tena yeye!"

Nikamwambia asiseme upuuzi. Lakini lilikuwa limeshamwingia.

Wiki ile mwanafunzi mmoja wa uuguzi alikwenda kumshtaki kwa matroni. Msimamizi wetu wa dobi akaja kutoa habari huku akichezea funguo zake, hapendi kumtazama mzee. Kesi itasikilizwa Jumatatu asubuhi ofisini kwa matroni. "Na ikithibitika, mzee wangu," akasema, "hapa mezani hutarudi. Unajua mambo ya wasichana wa shule yalivyo." Mzee aliendelea kupiga pasi. Alikuwa amekaribia kustaafu. Sasa angetoka kwenye geti lile akiwa mzee mkware, na wanawe wangeisikia hiyo habari, na wajukuu wangekua nayo.

Msimamizi alipoondoka, mzee aliichomoa pasi kwenye umeme akaja upande wangu wa meza.

"Nitaanza na daktari," akasema. "Ndiye niliyemkosea zaidi, alinipa uhai. Nikimwangukia yeye akanisamehe, hao wengine nitaweza kusimama mbele yao. Nisindikize."

"Mzee, utaombaje msamaha kwa jambo ambalo hukulifanya?"

"Na kama nililifanya bila kujijua? Wewe nisindikize. Nikienda peke yangu watasema nimemfuata msichana."

Nilimsindikiza. Tulimpata daktari mchana, amekaa kwenye benchi la saruji nyuma ya wodi ya watoto, anakula wali kwenye kopo la plastiki. Alipotuona alisimama, akatazama kulia na kushoto, lakini nyuma kulikuwa na ukuta na mbele tulikuwa sisi. Mzee alisimama mbali kidogo, heshima yake ileile. Akapeleka kidole jichoni, akainua kope kwa ncha ya kidole, akaishikilia hapo ili jicho liwe wazi. Hivyo ndivyo alivyozungumza naye, mkono usoni mwanzo hadi mwisho.

"Daktari, mwanangu," akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Nina binti mkubwa kuliko wewe. Kama nilikukonyeza, si mimi, wallahi si mimi, ni hili jicho. Halinisikii. Nisamehe. Nisamehe, mama, wala sitapita tena korido ya kwenu."

Yule binti aliweka kopo lake kwenye benchi. 

"Baba, teremsha mkono," akasema. "Hukunikonyeza. Hujanikonyeza hata siku moja."

"Mbona unanikimbia?"

Aliutazama ule ukuta nyuma yake. Kisha akasema, "Kwa sababu hilo jicho ni mimi."

Akaeleza. Alisema karibu na ule mshipa mkubwa wa damu shingoni unapita mshipa wa fahamu, mwembamba, ambao kazi yake ni kuinua kope, kupanua mboni na kutoa jasho upande ule wa uso. Sindano yake ikitafuta njia iliugusa, ikaujeruhi. Alilijua siku ya pili tu, alipomulika akaona mboni moja ndogo na nyingine kubwa. "Pole sana, baba," akasema. "Pole sana kwa kweli."

Mkono wa mzee ulishuka polepole. Mimi nilitegemea akasirike. Yeye akauliza, "Kwa hiyo si tabia?"

"Si tabia, baba. Ni mshipa wa fahamu."

"Si ukware?"

"Hapana, baba."

Akakaa kwenye benchi, karibu akalie ule wali, na machozi yakamtoka macho yote mawili. Mimi ndiye niliyekasirika, tena sana. Nikamgeukia binti.

"Ulijua siku zote?"

"Nilijua."

"Na wanayomsema, ulikuwa unayasikia?"

"Nilikuwa nasikia." Alivua miwani akaishika. "Niliona aibu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuweka mrija wa shingo bila mkubwa wangu kuwapo. Niliogopa watasema sifai. Kila siku nikasema nitamwambia kesho."

"Aibu yako ukampa yeye aivae," nikamwambia.

"Mwache," mzee akanikata. Akajipangusa uso kwa kiganja. "Litapona?"

"Linaweza kurudi lenyewe, linaweza lisirudi. Ulitakiwa uonwe na bingwa mapema, baba." Akairudisha miwani usoni. "Nimesikia habari ya Jumatatu. Nitakuja. Nitasema mbele yao."

"Njoo," mzee akasema. Tukarudi kazini. Mchana ule alipiga pasi bila kofia.

Jumatatu ofisi ya matroni ilijaa. Matroni alikuwa nyuma ya meza yake. Msimamizi wetu alikaa karibu na dirisha, na yule mwanafunzi aliyeshtaki pembeni, anakunja na kukunjua ukingo wa aproni yake. Mimi nilisimama ukutani, na kando yangu msukuma toroli, ameitwa kuwa shahidi, ulimi umemkauka leo. Mzee alikuwa amejipigia pasi shati lake vizuri mno. Daktari hakuwapo.

Matroni akasoma mashtaka, akasema, "Mzee, unasemaje?"

"Naomba tusubiri mtu," mzee akasema.

"Mtu gani?"

"Atakuja."

Tulisubiri. Feni ilizunguka. Matroni akatazama saa ya ukutani, msimamizi akakohoa, na mwanafunzi akainua macho kumwangalia mzee, kope ikiwa imeshuka vilevile, akayaondoa haraka. Mzee aliliona hilo. Shingo ilianza kumwinama tena, na mimi moyoni nilikuwa nimeshamtukana yule binti matusi yote niliyokuwa nayo. Matroni alikuwa anafungua mdomo tena mlango ulipogongwa.

Aliingia akiwa anahema, koti limejikunja. Hakukaa. Alisema yote, kuanzia sindano hadi kurunzi ya siku ya pili, kwa sauti ya mtu anayejibu mtihani. Matroni alinyanyuka, akachukua kurunzi kwenye droo, akazunguka meza, akamulika macho ya mzee moja moja. Akampapasa paji la uso, kushoto, kisha kulia. Akabaki ameinama mbele yake kwa muda.

"Na mimi nampitia kila asubuhi," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Mwanafunzi alianza kulia. "Nisamehe, baba," akasema. "Sikujua."

"Nimekusamehe, mwanangu," mzee akamjibu palepale. "Ungejuaje?"

Msukuma toroli naye akanung'unika samahani yake, akasamehewa, ingawa mimi ningemwacha kwanza ahangaike, aisome namba. Matroni akarudi kitini. Akasema jambo lenyewe linaweza kutokea hata kwa mikono mizuri, hatari hiyo ipo kila mrija wa shingo unapowekwa, lakini kulificha ni kosa, na hilo litashughulikiwa na wakubwa wa daktari. Mzee atapelekwa kwa bingwa wiki hiyohiyo. Mashtaka yamefutwa, na yeye matroni atapita wodi kwa wodi kueleza. Kisha akamgeukia binti. "Una la kuongeza?"

"Nampa pole sana baba," daktari akasema, "kwa yote yaliyomkuta."

"Haya. Mzee, umeridhika?"

Viti vilikuwa vimeshaanza kukwaruza sakafu. Msimamizi alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Bado," mzee akasema.

Watu wakaganda. Yeye alibaki amekaa, mikono magotini, na hakupandisha sauti.

"Pole nimepewa na wengi," akasema. "Mfagiaji amenipa. Wapishi wamenipa. Pole anaitoa yeyote anayepita akakuta umeumia. Kwa sindano sikudai chochote, mwanangu. Sindano ilikuwa inaniokoa, na kama ungeacha ningekufa. Lakini ulinipita kwenye korido ukijua. Ukaingia stoo ya mifagio ukijua. Mpaka mimi ndiye nikaja kwako, mzee mzima, nimeshikilia jicho kwa kidole, nikakuomba wewe msamaha. Wewe umenieleza mishipa, umenipa pole mara mbili. Msamaha bado hujaniomba."

  Uso wote wa binti uliiva, kushoto na kulia. Nilidhani atatoka mbio, lakini alisogea mpaka mbele ya kiti cha mzee.

"Nisamehe, baba," akasema. Sauti ilitoka kidogo sana.

Mzee aliinua uso akamtazama. Hakuinua kope kwa kidole wala hakugeukia ukuta. Alimtazama kwa jicho zima na jicho lililoshuka, akamtazama vizuri, mpaka yule binti ndiye aliyeinamisha macho.

"Nimekusikia," akasema.

Tukangoja aongeze neno lile alilompa mwanafunzi. Hakuliongeza. Alisimama, akamwambia matroni kwamba mashuka ya chumba cha upasuaji yanahitajika kabla ya saa sita, akatoka.